Shangazi, tuuze shamba la marehemu baba nikasome New York?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, niko Malindi, mtaa wa Barani. Nina miaka 29. Nilimaliza shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii mwaka 2019 katika chuo cha serikali, na huu ni mwaka wangu wa tano katika shirika dogo la hapa mjini. Asubuhi nyingi saa moja haijagonga mimi niko nje ya kliniki ya methadoni, ile dawa ya wanaoacha unga wa heroini. Watu wanakuja, wanapanga foleni, mmoja mmoja anakunywa dawa yake mbele ya muuguzi, anaondoka. Kazi yangu inaanza pale wanapoondoka. Nani jana amefungiwa mlango na mkewe, nani ameanza tena unga, mtoto wa nani wiki nzima hajaonekana madrasa. Mshahara wangu ni shilingi 42,000, na iko miezi unachelewa.

Mwaka jana niliomba nafasi ya shahada ya uzamili katika vyuo viwili, bila kumwambia mtu. Vyote vimenikubali. Kimoja kiko New York, na ni chuo ambacho ukikitaja kila mtu anageuka kukuangalia. Ni miaka miwili. Karo ni dola 57,000 kwa mwaka, nao wamenipa ufadhili wa dola 20,000 kila mwaka. Wenyewe wameniandikia kwamba nyumba, chakula, bima ya afya na nauli nitenge kama dola 30,000 kwa mwaka. Cha pili kiko Nairobi, masomo ni ya wikendi, na karo yote mpaka kuhitimu ni shilingi 380,000, zinalipwa kwa mafungu.

Ami yangu aliposikia New York alilia machozi barazani mbele ya watu. Siku hiyo hiyo akafungua kundi la WhatsApp lenye jina langu, sasa lina watu 140. Ameahidi harambee itatoa kama laki nane. Zilizobaki anasema tuuze shamba la marehemu baba kule Mambrui, eka tatu, lina minazi na miembe. Mnunuzi yupo, anatoa milioni 3.2. Hizo zikiwa hazitoshi, kuna kampuni ya Marekani inayokopesha wanafunzi wa nje bila mdhamini, kwa riba ya asilimia 12 hivi. Kakangu anakubali kila ami anachosema. Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha tatu, hakuna aliyemuuliza.

Mama hajasema kitu. Hati ya shamba iko ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya kitanda, pamoja na cheti cha kifo cha baba. Usiku mmoja niliamka kunywa maji nikamkuta amekaa kitandani, mkebe uko wazi mapajani. Akaniangalia, akasema, "Na riba?" Kisha akaufunga.

Shangazi, nikwambie ukweli wote. Mwaka juzi niliitwa kwenye warsha ya siku mbili hotelini, kando ya bahari. Aliyetufundisha alitueleza habari za Kisumu Ndogo, mtaa ambao mimi naingia kila siku na yeye alikuwa hajawahi kuukanyaga. Kila alichosema kiliandikwa. Mimi niliponyoosha mkono nikasimulia ninayoyaona, watu walinisikiliza kwa adabu na hakuna aliyeshika kalamu. Yeye alikuwa na shahada ya chuo kikubwa cha nje. Tangu siku hiyo nataka na mimi nikisema, niandikwe.

Ndoto yangu ni kurudi hapa hapa Malindi nifungue pahali pa kushinda watoto ambao wazazi wao wako kwenye dawa, wapate chakula, wafanye kazi za skuli, wawe na mtu mzima wa kuwaangalia. Lakini nikichagua Nairobi naogopa nitaitwa yule aliyefunguliwa mlango akakataa kuingia. New York wanataka jibu na amana ndani ya wiki tatu.

Nifanyeje?

Niko Njia Panda, Barani

Jibu la Shangazi

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma alasiri nikiwa barazani kwangu hapa Langoni, nikaiweka chini ya mto, nikaenda kuswali magharibi, nikarudi nikaisoma tena. Nimefanya kazi hiyo unayoifanya, hapa Lamu na visiwani, kwa miaka 26 kabla sijastaafu. Kwa hivyo nitakujibu kama mtu wa kazi moja na wewe, na pale nitakapokuwa mkali ujue ni kwa sababu nakutakia mema.

Naanza na mkebe wa biskuti, maana naona watu wote wameuruka. Shamba ni la marehemu baba yako. Je, mirathi imegawanywa? Barua yako haisemi, na jinsi mnavyozungumza juu yake nahisi bado. Basi shamba hilo si lako, si la kakako, na hakika si la ami yako: baba ameacha mtoto wa kiume, na mtoto wa kiume akiwapo, ndugu wa marehemu hana fungu. Wenye shamba ni wanne. Mama ana thumni. Saba ya nane zilizobaki ni zenu watoto, kakako mafungu mawili, wewe moja, mdogo wako moja. Katika hiyo milioni 3.2, mama ni laki nne, kaka milioni moja na laki nne, wewe laki saba, na yule msichana wa kidato cha tatu ambaye hakuna aliyemuuliza, laki saba. Ukipanda ndege na pesa zote, umepanda na laki saba zake. Yeye naye mwakani atamaliza skuli na atataka kusoma. Kadhi yupo hapo hapo Malindi. Kabla ya mnunuzi yeyote kukanyaga shamba, nendeni kwake.

Sasa chukua kalamu, tufanye hesabu ya New York pole pole.

Karo 57,000, toa ufadhili 20,000, zimebaki 37,000. Ongeza 30,000 za kuishi, ni 67,000. Mara miaka miwili, dola 134,000. Dola moja tuichukulie shilingi 129. Inakuja milioni 17 na laki tatu hivi, pungufu kidogo. Mshahara wako wa mwaka mzima, usile, usivae, usimpe mama hata shilingi, ni 504,000. Ni miaka 34 ya mshahara wako.

Shamba na harambee, yote yakienda kama ami anavyosema, ni milioni nne. Milioni 13 na laki tatu unakopa. Kwa riba ya asilimia 12, riba peke yake, kabla hujagusa deni lenyewe, ni shilingi 133,000 kila mwezi. Hiyo ni mishahara yako mitatu na zaidi, kila mwezi, na deni liko pale pale. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mama yako amekufupishia hesabu hii yote kwa maneno mawili, na upande wa dini sina la kuongeza juu yake.

Najua utakachojibu. Utasema nitafanya kazi Marekani, nilipe, kisha nirudi. Haya, tuitazame. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo haruhusiwi kukopa mikopo ya serikali ya Marekani, ndiyo maana unapelekwa kwa kampuni yenye riba ya namna hiyo. Wakati wa masomo anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, si zaidi ya saa 20 kwa wiki. Akimaliza, anapewa miezi 12 ya kufanya kazi inayohusu alichosomea. Wenzako waliosomea sayansi na teknolojia huongezewa miezi 24. Ustawi wa jamii haumo katika orodha hiyo. Baada ya miezi yako 12 unahitaji mwajiri atakayekuombea viza nyingine, na viza hizo zina bahati nasibu. Na mshahara wenyewe? Takwimu za serikali yao za mwaka 2023 zinaonyesha mshahara wa katikati wa mfanyakazi wa ustawi wa jamii Marekani ulikuwa kama dola 58,000 kwa mwaka. Linganisha na karo yako kabla ya ufadhili: 57,000. Mwaka mmoja darasani unakula mwaka mmoja wa kazi, tena kwa mwenyeji aliyezaliwa kule, asiye na hofu ya viza. Ndiyo maana hata wao, watoto wao wakitaka kusomea fani hii, swali la kwanza ni hilo hilo lako: jina la chuo au mfuko?

Na kuna jambo wao wanalijua ambalo wewe pengine hukuambiwa. Kule, vyuo vya ustawi wa jamii vinaidhinishwa na baraza moja la elimu ya fani hii, lililoanzishwa 1952. Aliyesoma chuo cha jimbo cha bei nafuu na aliyesoma chuo cha kifahari, wote wawili, mradi vyuo vimeidhinishwa, wanakaa mtihani wa leseni ule ule. Wote wanatakiwa wawe wametimiza angalau saa 900 za kazi nyanjani kwa shahada ya uzamili. Bodi ya leseni haina karatasi maalumu ya mtihani kwa watu wa chuo kikubwa.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba jina ni upepo. Jina linalipa, ila linalipa pale panaposomwa. Kama ungeniambia unataka kazi katika ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri, au unataka kufika uzamifu ufundishe chuo kikuu, au kufanya utafiti wa sera, ningekaa na wewe tupige hesabu nyingine kabisa. Huko msomaji wa maombi ana mafaili mia tatu mezani, na jina la chuo linamfanya afungue lako. Wewe umeniambia unataka kufungua pahali pa watoto Malindi. Nani atakusomea jina la chuo pale? Mama anayekukabidhi mtoto wake saa kumi na mbili asubuhi anataka kujua kama mlango unafungwa na kama chakula kipo.

Wafadhili wangesoma, utaniambia. Ni kweli, wangesoma. Lakini wewe uko ndani ya kazi hii na umeyaona: Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika lao la misaada, USAID, likafungwa. Kazi nyingi za mashirika makubwa, zile ambazo shahada ya nje ilikuwa ndiyo tiketi yake, zilikatika. Kukopa milioni 13 leo kwa kutegemea mshahara wa aina hiyo ni kutia nanga mahali ambapo maji yamekwisha kupwa.

Nikusimulie habari ya mwenzangu mmoja. Alikuja kwetu akiwa na shahada ya uzamili ya nje ya nchi, kijana mwenye akili na moyo mwema, na wallahi alikuwa hodari kuliko mimi. Alikuwa analipa deni. Kila tarehe 5 alikuwa akienda forodhani peke yake kupiga simu, na alirudi hazungumzi. Alipewa familia 14 za kufuatilia huku Lamu bara, vijiji vya Hindi na Mokowe. Mwezi wa saba akapata kazi Nairobi, ya kuandika ripoti, mshahara mara tatu. Sikumlaumu hata siku moja, kwa sababu hakuwa na hiari. Lakini mafaili yale 14 nilipewa mimi, na katika familia ya tatu niliyoitembelea, msichana mdogo aliuliza jina lake, akauliza anarudi lini. Yule kijana alisomea kazi ile hasa. Deni ndilo lililomchagulia kazi nyingine, na wewe, kwa deni mara kadhaa ya lake, naona litakuchagulia vivyo hivyo. Kile chumba chako cha watoto hakitafunguliwa. Hili ndilo jambo ninalokuomba ulale nalo kuliko mengine yote.

Sasa nikwambie mimi kazi nilifundishwa wapi. Mwaka 1994 nilipelekwa Faza na msimamizi wangu, mzee aliyekuwa karibu kustaafu. Tulikuwa tumesikia kuna mtoto wa miaka tisa anayefichwa ndani kwa sababu ya kifafa. Mimi nilikuwa na fomu zangu zimejaa mkobani. Tulipofika, mzee akapiga hodi, akangoja, akapiga tena, akakaribishwa barazani. Akakaa. Akauliza habari za nyavu. Akauliza bei ya jarife, nani ameshona tanga lile, kusi mwaka huu imeanza lini. Saa nzima. Mimi nachemka, boti inatungoja, maji yanapwa. Hakumtaja mtoto hata mara moja. Akasimama, akaaga. Tulipofika kwenye kona ya ukuta, baba wa nyumba akatufuata mbio, akasema kwa sauti ndogo, "Na huyu mtoto wangu, mtanifanyia nini?" Mzee akamgeukia kana kwamba ndiyo kwanza anasikia, akamwambia, "Wewe ungependa tukufanyie nini?" Yule mtoto alianza dawa mwezi ule ule.

Sijapata darasa lililonifundisha zaidi ya saa ile. Ndiyo sababu nikikutana na mtu anayechagua chuo cha fani yetu, la kwanza ninalomwambia aulize ni la kazi ya nyanjani. Ni saa ngapi? Nani atakusimamia, naye amekaa na familia miaka mingapi? Anasimamia wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja? Utapelekwa wapi? Hili waulize New York, lakini waulize Nairobi kwa ukali zaidi. Bei ndogo isikulevye. Iko mipango ya masomo ambayo mwanafunzi hupelekwa ofisini kupanga mafaili miezi mitatu, akapigiwa muhuri. Mpango wa namna hiyo hata ukiwa bure ni ghali, kwa sababu umekula miaka yako miwili. Hakikisha pia kwamba mpango wenyewe umeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Ukiona Nairobi majibu yao yanayumba, usisite kutazama kwingine karibu: Dar es Salaam iko Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoanzishwa 1973, na Kampala iko Makerere, iliyofundisha watu wa fani hii tangu mimi sijaajiriwa. Mjini Dar kuna faida ambayo watu wa pwani hatuitaji vya kutosha: mazungumzo yote na familia utayafanya kwa Kiswahili, na msimamizi atakusikiliza na kukukosoa kwa lugha utakayoifanyia kazi maisha yako yote.

Halafu kuna jambo umelisahau katika hesabu ya Nairobi. Umeandika 380,000 kana kwamba darasa liko Casuarina, hapo hapo Malindi. Malindi hadi Nairobi kwa basi ni usiku kucha, na kurudi usiku kucha, kisha Jumatatu alfajiri uko kwenye foleni ya methadoni. Nauli, chakula na kumpa chochote jamaa atakayekulaza, weka 6,000 kwa kila safari. Safari 30 kwa mwaka ni 180,000, miaka miwili 360,000. Kwa hivyo bei yake halisi ni 740,000 hivi, na uchovu sijauhesabu. Waulize kama wana utaratibu wa kusoma kwa vipindi vya likizo, wiki mbili tatu mfululizo, badala ya kila wikendi. Lakini tazama: ami yako amesema harambee itatoa laki nane. Laki nane zinalipa karo yote ya Nairobi na nauli zote, na zinabaki za vitabu. Shamba halijaguswa. Riba haipo.

Nirudi kwenye ile warsha, maana nadhani ndiyo iliyoandika barua yako. Nimeumia kuisoma. Unachokitaka ni haki yako na si kiburi. Lakini nisikilize vizuri. Yule mwalimu wa hotelini aliandikwa kwa sababu alikuja na kitu kilichopangwa: maneno yenye mpangilio, takwimu, hoja inayoanza na kuishia. Wewe ulikuja na ukweli mtupu, na ukweli usio na mpangilio watu huusikiliza kwa adabu, kama ulivyosema. Mpangilio huo ndio shahada ya uzamili inayotakiwa ikupe, na unapatikana Nairobi, Dar, Kampala au New York, mradi msimamizi wa tasnifu ni mtu mzima wa kazi yake.

Na una kitu ambacho yeye hana. Malindi ni miongoni mwa mahali pa mwanzo Kenya kupata kliniki ya methadoni, mwaka 2015, miezi michache tu baada ya ile ya Mathari, Nairobi. Kuna watoto waliozaliwa mwaka ule ambao maisha yao yote wamemjua mzazi mwenye kwenda kunywa dawa kila asubuhi. Wanaishije? Nani huwapeleka skuli mzazi akiwa foleni? Anapoanza tena unga, nani wa kwanza kujua? Wewe unayajua haya kwa majina na kwa nyumba. Iandike tasnifu yako juu yao. Anza leo na daftari, usingoje kuingia darasani: tarehe, ulichokiona, ulichoambiwa, bila majina yao halisi. Miaka mitatu ijayo mtu akitaka kujua habari za watoto hao atakutafuta wewe.

Na mwaka 2023, makaburi ya wafuasi wa dhehebu katika msitu wa Shakahola yalipofukuliwa na miili zaidi ya 400 ikatolewa ardhini, mji wenu ndio uliopokea jamaa za marehemu, watu waliosubiri majibu ya vinasaba miezi na miezi. Waliohitajika kukaa nao ni watu wanaojua kukaa. Jane Addams, ambaye Wamarekani wenyewe humwita mama wa fani yetu, aliyepewa Nobeli ya Amani 1931, alipofungua Hull House kule Chicago mwaka 1889 hakuwa na shahada ya ustawi wa jamii. Haikuwapo bado. Alihamia mtaani, akaishi na watu. Wewe sehemu hiyo umekwisha kuifanya miaka mitano.

Sasa, New York usiwafungie mlango. Wana wiki tatu zao, nawe zitumie. Waandikie wiki hii, kwa adabu na kwa ufupi, uwaombe mambo matatu. La kwanza, wakuhifadhie nafasi mwaka mmoja. Viko vyuo vinavyokubali. La pili, waongeze ufadhili. Waambie wazi kipato cha nyumba yenu, usione haya, ofisi zile huzoea maombi hayo. La tatu, uulize kama shahada yako ya kwanza inaweza kukuingiza moja kwa moja kwenye mpango wa mwaka mmoja. Kule, mwenye shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii inayotambulika mara nyingi huruka mwaka wa mwanzo, na baraza lao lina huduma ya kutathmini shahada za nje. Si vyuo vyote vinavyokubali ya Kenya, lakini swali halina karo. Amana usilipe mpaka wamekujibu.

Na mwaka huo usikae bure. Omba Chevening, programu ya ufadhili ya Uingereza: inalipa karo, nauli na posho ya kuishi kwa mwaka mmoja wa uzamili, inataka angalau miaka miwili ya kazi, nawe unayo mitano, na inakutaka urudi nyumbani miaka miwili baada ya kumaliza, jambo ambalo kwako wewe si adhabu. Omba na ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Omba Fulbright ya Marekani, ambayo nayo ina sharti la kurudi. Jina kubwa likija na pesa zake lenyewe, nenda mwanangu, nenda mbio, na mimi nitakuja kukuaga uwanja wa ndege. Likija mkononi limeshika hati ya shamba la mayatima, lisalimie kwa heshima uliache lipite.

Imebaki ami yako. Machozi yake ni ya kweli, usimvunjie heshima mbele ya lile kundi la watu 140. Nenda kwake baada ya isha, yeye na wewe peke yenu, na mpelekee karatasi yenye hesabu hii: 133,000 kwa mwezi iandike kubwa katikati. Mwambie unamwomba harambee aiendeleze, na kwamba yeye ndiye utakayemtaja siku ya kuhitimu, popote itakapokuwa. Mzee anayelia barazani kwa furaha ya mtoto wa nduguye ataelewa. Kisha ingia kwa mama, mwambie hati irudi chini ya kitanda, na muulize swali ambalo katika barua yako yote sikuona mtu amemuuliza: yeye angependa nini.

Barua ya New York ukiiandika, nitumie niisome kabla hujaipeleka.